Konvata ya Gari la Kasi Liendalo Kazini

Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alinijia na ujumbe wa kaka yake aliyeko Houston, Marekani. Kaka huyo amenunua Chevrolet Camaro ya mwaka 1969, yenye injini ya silinda nane ya lita 5.7 na giaboksi otomatiki ya gia tatu. Amekwisha kutia kemshafti kali ndani ya injini, na tangu hapo gari lamsumbua. Kwenye taa za barabarani injini hutetemeka na kutaka kuzimika. Na taa zikiwa za kijani, gari huondoka kivivu kama ng'ombe aliyeamshwa usingizini. Fundi mmoja amemshauri anunue konvata ya mizunguko 3,500. Bei yake si haba, na gari hilo ndilo analoendea kazini kila siku. "Mwalimu," akaniuliza kijana, "anunue?"

Siku ile nilimjibu kwa ufupi, lakini naona jambo lenyewe lafaa kuelezwa kwa wote, hasa ninyi mnaosoma Fizikia.

Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyagwa kwa mguu. Mahali pake, kati ya injini na giaboksi, pana chombo cha chuma mfano wa boga lililobapa, kimejaa mafuta. Hicho ndicho konvata. Mjerumani Hermann Föttinger alikipatia hati ya ubunifu mwaka 1905, tena kwa ajili ya meli, si motokaa. Ndani yake mna magurudumu yenye mapanga. La kwanza, yaani pampu, huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta. La pili, yaani tabini, husukumwa na mafuta hayo na kuizungusha giaboksi. Chukueni feni mbili mzielekezane, moja iwashwe na nyingine izimwe: ile iliyozimwa itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. (Katika chumba cha walimu tunazo feni mbili, na moja haifanyi kazi, kwa hiyo jaribio hili ni rahisi kwetu.) Katikati ya magurudumu hayo mawili kuna la tatu dogo, liitwalo steta, ambalo huyageuza mafuta yanaporudi ili yaisaidie pampu badala ya kuipinga. Kwa sababu ya steta, gari linapoanza kuondoka nguvu ya kuzungusha huongezeka yapata mara mbili.

Sasa tuje kwenye ile namba. Dereva akishika breki barabara na kukanyaga mafuta mpaka mwisho, tabini haiwezi kuzunguka, lakini injini itapanda mpaka mahali fulani kisha itashindwa kupanda zaidi. Mahali hapo ndipo paitwapo kasi ya kukwama. Katika gari kama hilo lilivyotoka kiwandani, yapata mizunguko 1,700 kwa dakika.

Kwa nini mtu atake zaidi? Kwa sababu ya kemshafti. Kemshafti kali huziacha vali wazi muda mrefu, na injini hupumua vizuri inapokwenda mbio. Lakini ikienda polepole huwa dhaifu. Ya kaka huyu, kwa maelezo ya waliyoitengeneza, huanza kufanya kazi kwenye mizunguko 2,000. Konvata yake ya zamani huikaba injini kwenye 1,700, kabla nguvu haijaamka. Ndiyo maana gari huondoka kivivu, na ndiyo maana hutaka kuzimika likisimama. Hapo fundi alisema kweli: konvata sharti ibadilishwe.

Njia moja ya kuipandisha kasi hiyo ni kuipunguza konvata upana. Nguvu ambayo konvata huipokea hufuata mraba wa mizunguko, ikizidishwa kwa upana uliopandishwa kipeo cha tano. Tuseme ya zamani ina upana wa sentimita 30 na mpya 25, na mapanga ni ya umbo moja. Pigeni hesabu nguvu ya injini ikiwa ile ile: 1,700 itakuwa karibu 2,700. Sentimita tano tu! Kutokana na hesabu hiyo mwaona pia kwamba namba iliyoandikwa kwenye kasha si sifa ya chuma peke yake. Konvata ile ile ikifungwa nyuma ya injini yenye nguvu zaidi itakwama juu zaidi, na nyuma ya injini dhaifu itakwama chini. Mtu akiagiza bila kutaja injini yake, uzito wa gari, na uwiano wa difu, ananunua paka ndani ya gunia.

Difu ndiyo jambo ambalo fundi yule hakuliuliza. Ya kaka huyu ni 3.08. Tairi lake lina kipenyo cha sentimita 66, basi kwa kilomita 100 kwa saa huzunguka kama mara 804 kwa dakika. Zidisheni kwa 3.08: injini huzunguka mara 2,480 hivi, katika gia ya tatu. Sasa fikirini konvata ya 3,500. Si kwamba gari halitaondoka mpaka ifike huko. Akikanyaga kidogo litajongea. Lakini njia nzima ya kwenda kazini pampu itakuwa ikiiacha tabini nyuma, na kila mtelezo hugeuka joto na petroli iliyopotea. Kanuni itajwayo sana na mafundi ni kwamba kila nyuzi 11 za Selsiasi juu ya 80, maisha ya mafuta ya giaboksi hupungua nusu. Mafuta yakiungua, klachi zilizo ndani ya giaboksi hufuata.

Kama angekuwa na difu ya 3.73, injini ingezunguka kama mara 3,000 katika mwendo ule ule, na konvata ya juu kidogo ingevumilika. Giaboksi ya 700R4, iliyotokea mwaka 1982, ina klachi inayoifunga konvata barabarani isiteleze, na mwenye hiyo ana nafasi kubwa zaidi ya kuchagua. Yeye hanayo.

Basi jibu langu lilikuwa: asinunue ya 3,500. Atafute ya 2,500 hivi, juu kidogo ya pale kemshafti yake inapoamkia, na fedha itakayobaki anunue kipoza mafuta cha ziada, akifunge mbele ya rejeta. Tena asiijaribu kwa kushika breki na kukanyaga mafuta zaidi ya sekunde chache, kwa maana wakati huo nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya lile boga.

Kijana amenipa habari kwamba konvata imekwisha kuagizwa. Kipoza mafuta, asema kaka yake, kitangoja mshahara wa mwezi ujao. Nimemwambia amwandikie tena leo hii.