SOMA HERUFI KABLA YA KUSOGEZA GIA

Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay inashuka kutoka milima ya Umatengo mpaka Ziwa Nyasa. Ina miteremko na kona nyingi.

Siku hizi magari mengi ni ya otomatiki. Hayana klachi. Mkono wa gia una herufi. P ni kuegesha. R ni kurudi nyuma. N ni gia huru. D ni kwenda mbele. Mengi yana L pia, gia ya kushukia mlima.

Madereva wengine hutia N mteremkoni ili kuokoa petroli. Hilo ni kosa. Injini hailishiki gari tena. Breki hufanya kazi peke yake, hupata moto, hushindwa. Tena mkono ukipita N kidogo tu, umefika R! Magari mengi mapya huikataa R yakiwa mwendoni. Mengine huharibika gia, au injini huzimika. Hapo usukani na breki huwa vizito.

Likitokea, fanya hivi:

1. Ondoa mguu kwenye mafuta.
2. Shika usukani kwa nguvu. Usizime swichi.
3. Rudisha gia kwenye N.
4. Kanyaga breki mpaka gari lisimame pembeni.
5. Tia P. Vuta breki ya mkono. Mwite fundi.

Nawe abiria, umejua kusoma. Ukiona N mteremkoni, mwambie dereva. Kahawa ikimwagika huzoleka. Roho ya mtu haizoleki.