Mgeni Katika Mabasi Yaendayo Haraka

Mtu atokaye kwetu Itaka kwenda mbali huanza safari yake kwa taratibu aijuayo tangu utoto. Husimama kando ya njia akingoja gari liendalo Mlowo, na likitokea huinua mkono, nalo husimama. Akikumbuka kwamba amesahau mzigo wake hupiga kelele, na gari husimama tena. Ikiwa nafasi ni haba watu husogeana, mama mwenye mtoto mchanga hupewa mahali, na kuku huwekwa chini ya kiti. Hata mtu asiyejua kusoma hufika aendako, maana konda hutaja kwa sauti kuu jina la kila mahali.

Lakini mjini Dar es Salaam yako mabasi ya namna nyingine kabisa. Hayasimami kwa kuinuliwa mkono, wala hayamngoji mtu aliyesahau mzigo. Serikali huyaita Mabasi Yaendayo Haraka. Watu wa mjini huyaita mwendokasi tu. (Jina hilo lachekesha kidogo, kwa kuwa askari wa barabarani hulitumia neno lilo hilo kutaja kosa la dereva akimbizaye gari kupita kiasi.) Mimi niliyapanda mara ya kwanza mwaka 2019, nami nilikosea. Nitawaeleza kosa langu, lakini kwanza yawapasa kujua mabasi hayo ni kitu gani.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5, yaani kama mara nne ya watu wote wa mkoa wetu wa Songwe. Wengi wao hulala pembezoni mwa mji na kufanya kazi katikati yake. Basi kila asubuhi hutoka wote pamoja, na jioni hurudi wote pamoja. Zamani mtu aliyekaa Kimara aliweza kukaa ndani ya gari saa mbili na zaidi kabla ya kufika mjini, ingawa mwendo wenyewe haufiki hata kilometa 20. Magari yalikuwa mengi, na barabara ni moja.

Miji mingine mikubwa ilipatwa na taabu hiyo kabla yetu. Watu wa London walichimba njia chini ya ardhi, wakapitisha humo gari la moshi tangu mwaka 1863. Hapa Afrika, mji wa Cairo ulifungua reli yake ya chini ya ardhi mwaka 1987. Lakini kuchimba chini ya mji ni kazi ya fedha nyingi mno. Kwa hiyo watu wa Curitiba, katika nchi ya Brazili, walifikiri neno jingine mwaka 1974: badala ya kuchimba, walilitengea basi njia yake peke yake juu ya ardhi, ili liende kama gari moshi liendavyo relini, lisizuiwe na mtu. Mji wa Bogotá katika Kolombia ulifanya vivyo hivyo mwaka 2000, na Dar es Salaam ukafuata. Mabasi yetu yalianza kazi mwezi Mei mwaka 2016.

Sasa tazameni jinsi yanavyofanya kazi. Katikati ya Barabara ya Morogoro ziko njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, ambazo motokaa nyingine haziruhusiwi kuziingia. Magari mengine yote hupita kando. Vituo navyo vimejengwa katikati, si pembeni. Ndiyo sababu milango ya mabasi marefu iko upande wa kuume. Sakafu ya kituo imeinuliwa ikawa sawasawa na sakafu ya basi, hata kikongwe au mtu mwenye magongo huingia bila kupanda ngazi. Basi lenyewe ni kubwa ajabu. Ninyi mliokwenda Ndolezi kukitazama Kimondo mwajua kwamba urefu wake ni kama meta 3. Basi mjue kwamba basi refu la Dar es Salaam lina urefu wa meta 18, yaani vimondo sita vilivyopangwa mstari mmoja. Lina kiungo katikati mfano wa kinanda cha kukunjwa, lipate kupinda kwenye kona.

Nauli hailipwi ndani ya basi, bali kituoni, kabla ya kupanda. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lenye nguvu. Fanyeni hesabu: watu 60 wakipanda kwa mlango mmoja, na kila mmoja akitumia nukta 5 kutafuta fedha na kungoja chenji, gari litasimama nukta 300, yaani dakika 5 nzima. Na hicho ni kituo kimoja tu. Lakini watu wale wale, wakiwa wamekwisha kulipa, wakaingia kwa milango mitatu kwa pamoja, humalizika upesi kuliko mimi nimalizavyo kuita majina yenu asubuhi. Mwaka ule wa 2019 tulinunua tikiti ya karatasi dirishani kwa shilingi 650, tukaionyesha langoni, na lango likafunguka. Baadaye zikaletwa kadi, na desturi ya kulipa imebadilika zaidi ya mara moja. Mgeni na asimame kidogo awatazame wenyeji wafanyavyo, kisha aulize. Kuuliza si aibu. Kuwazuia watu mia nyuma yako kwa sababu huna chenji ndiko kunakoleta manung’uniko.

Jambo la pili la kujua ni umbo la njia. Mfikirie mti wa kahawa uliolazwa chini. Shina lake ni Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, kupita Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, Jangwani na Fire, mpaka Kivukoni kando ya bahari, mahali pa kuvukia kwenda Kigamboni. Tawi moja latoka Magomeni kwenda Morocco. (Hilo ni jina la mahali huko Kinondoni, wala si nchi ya Waarabu mliyoisoma katika jiografia.) Tawi jingine latoka Fire kwenda Gerezani, karibu na soko la Kariakoo. Shina na matawi hayo pamoja yana urefu wa karibu kilometa 21. Ni mwanzo tu, maana tangu hapo njia nyingine imejengwa kufuata Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala.

Basi, mtu akiwa Kimara hawezi kusema tu, “Napanda basi la mjini.” Mabasi yote yaondokayo hapo hufuata shina moja, na kwa macho ya mgeni yafanana, lakini moja litamaliza safari yake Kivukoni, la pili Gerezani, la tatu Morocco. Kitu kimoja tu chayatenganisha, nacho ni neno lililoandikwa juu ya kioo cha mbele. Neno hilo halitaji mahali basi litokako, wala kila kituo lipitiacho, bali mahali litakapokoma.

Hapo ndipo nilipokosea. Wakati ule macho yangu yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, hata nilimjua mtu kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Kitu kilicho karibu nilikiona kwa shida. Cha mbali kilikuwa moshi mtupu. Nilipewa siku ya kuonana na mganga katika hospitali moja ya mjini, saa tatu asubuhi, nikaambiwa kwamba nikichelewa itanipasa kungoja miezi mingine. Na mwalimu asiyeona ubao atafundisha nini? Nikamchukua mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa darasa la sita, anishike mkono. Tulifikia Ubungo, maana siku hizo mabasi ya mikoani yalikomea hapo. Tangu mwaka 2021 hukomea Mbezi. Tukalala kwa ndugu zetu Kimara.

Usiku ule mwenyeji wetu alitupa shauri moja, nami nawapa ninyi lile lile. Alisema, “Shemeji, kabla hamjatoka patana na mtoto. Mkitenganishwa na watu, aliyebaki ndani ashuke kituo kinachofuata, asimame pale pale, asiende popote. Aliyebaki nje apande basi linalofuata amfuate. Wote wawili wakitafutana, hawataonana.” Tukapatana hivyo.

Asubuhi kituo kilikuwa kimejaa watu kama mnada. Basi likaja, milango ikafunguka, na umati ukatusukuma mbele. Mpwa wangu alinivuta mkono akisema, “Mjomba, ngoja kwanza nisome.” Lakini mimi nilikuwa nikiogopa saa tatu, nami sikuzoea kungoja mtoto anisomee. Nikamwambia, “Twende, yote yaenda mjini.” Tukaingia.

Tulikwenda vizuri sana. Kando yetu magari mengine yalikuwa yamesimama kama ng’ombe waliofika mtoni, nasi twayapita tu. Tulipofika Magomeni nilisikia mwili wangu ukiegemea upande wa kuume, nikajua kwamba basi limekunja kushoto. Mtoto akasema kwa sauti ya chini, asiniaibishe mbele ya watu, “Mjomba, hili ni la Morocco.”

Mgeni akikosea hivyo, kosa la pili ni baya kuliko la kwanza. Wengi hushuka kwa hasira, hutoka nje ya lango, hukodi pikipiki, nayo huwapeleka wasikokujua. Sisi tulishuka kituo kilichofuata, wala hatukutoka. Kwa kuwa kituo kiko katikati ya barabara, upande mmoja husimama mabasi yaendayo na upande wa pili yarudiyo. Tulivuka hatua chache tu mle ndani, bila kununua tikiti nyingine. Mlinzi akatuambia, “Mzee, simameni nyuma ya mstari wa manjano.” Nikamwamkia na kumwuliza basi la Kivukoni; akasema kwamba liko liendalo huko moja kwa moja kutoka Morocco, bila haja ya kurudi Kimara. Mabasi mawili yalipita. Safari hii nilinyamaza. La tatu lilipotokea mpwa wangu alisoma herufi moja moja, kisha akasema, “Kivukoni. Twende, Mjomba.”

Tulipita Jangwani, bonde la Mto Msimbazi. Jina lake ni la mchanga mkavu, lakini mvua kubwa ikinyesha maji hujaa pale. Mara kadhaa tangu mwaka 2016 mafuriko yaliifunga barabara na kuingia hata katika karakana ya mabasi hayo, iliyojengwa bondeni humo humo. Siku kama hizo haraka yote hukoma, na mtu mwenye ahadi mjini hana budi kuondoka mapema sana au kuzunguka njia nyingine. Mgeni aendaye huko majira ya masika na aulize kwanza habari za Jangwani.

Tulifika mlangoni pa hospitali saa tatu kasoro dakika saba. Kama tungalikuwa katika gari la kawaida, kosa lile lingalinipotezea siku yangu.

Nilirudi Kimara siku ya tatu, jicho moja likiwa limefungwa kitambaa. Tuliketi karibu na mlango, na mpwa wangu akanisomea jina la kila kituo, bila kuulizwa: Fire, Jangwani, Magomeni, Manzese, Shekilango, Ubungo. Mzee mmoja aliyeketi nyuma yetu, ambaye naye alikuwa mgeni, akamgusa begani, akasema, “Mwanangu, sema kwa sauti kidogo, nami nisikie.”