Utangulizi: Kuzitazama Seli Zikiwa Hai

Mwaka 1907 Ross Harrison wa Marekani aliweka kipande cha tishu ya neva ya kiinitete cha chura ndani ya tone la limfu, akalining'iniza tone hilo chini ya kioo chembamba na kutazama nyuzi za neva zikirefuka. Fani unayoiingia ilianzia hapo. Leo badala ya tone tuna chipu: kipande cha silikoni angavu kilichobandikwa juu ya kioo, chenye vifereji ambamo seli hulelewa huku majimaji ya lishe yakipita. Kwa njia hiyo Dan Huh, Donald Ingber na wenzao wa Harvard walionyesha mwaka 2010 pafu dogo linalojitanua na kujikunja kama linavuta pumzi.

Wageni wengi huanza kwa kuulizia kamera. Mimi nakushauri uanze na joto. Seli za binadamu hutaka nyuzijoto 37, kabonidayoksaidi ya asilimia 5 hivi na unyevu wa kutosha, ndiyo maana hadubini hufungiwa kwenye kisanduku chenye joto. Kiwashe jioni, upige picha asubuhi. Chuma hutanuka kikipata moto. Lenzi ikisogea maikromita chache tu, seli uliyoikeshea inageuka ukungu. Jihadhari zaidi na lenzi ya mafuta, ile inayogusana na kioo kupitia tone la mafuta. Isipopashwa nayo, hunyonya joto palepale seli zilipo, na kipimajoto cha kisanduku kitaendelea kusoma 37 bila wasiwasi.

Chagua hadubini yenye lenzi chini, kwani juu ya chipu pamejaa mirija ya pampu. Kioo kiwe na unene wa milimita 0.17, ambao lenzi nyingi kali zimetengenezewa. Silikoni hupitisha hewa, jambo jema kwa seli, lakini hupitisha na mvuke, hivyo kifereji hukauka upesi. Majimaji baridi nayo yakipata joto hutoa viputo, na kiputo kimoja kikipita chaweza kung'oa seli zote njiani. Yapashe na kuyaondoa hewa mapema.

Kisha mwanga, hasa wa buluu, ambao huziumiza seli. Mbinu ya Frits Zernike ya kutofautisha awamu (phase contrast), iliyompa Nobeli mwaka 1953, huonyesha seli bila rangi yoyote na kwa mwanga hafifu. Itumie kila inapotosha. Pembeni weka chipu nyingine isiyomulikwa. Seli zake zikigawanyika na zako zimekoma, punguza taa kabla ya kugusa kitu kingine.