Somo la Afya: Kumlisha Mgonjwa kwa Mpira

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza namna ya kumlisha mgonjwa aliyepasuliwa kwa sababu ya kansa ya mfuko wa chakula. Upasuaji huu si mpya. Daktari Theodor Billroth aliufanya kwa kufaulu mjini Vienna mwaka 1881.

Daktari hukata sehemu ya mfuko, au wote, kisha huunganisha palipobaki kwa mshono. Mshono wahitaji siku za kupona, na mwili hauwezi kupona bila chakula. Basi tufanyeje? Chakula cha majimaji hupitishwa katika mpira mwembamba mpaka utumboni, chini ya mshono. Mpira huweza kupitia puani, na njia hii hufaa kwa muda mfupi. Au hupitia tundu dogo katika ngozi ya tumbo, na mgonjwa huweza kwenda nao nyumbani.

Sasa andikeni mambo haya matano:

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Mwinue mgonjwa kwa mito. Asilale chali wakati wa kulishwa, wala mara baada yake.

3. Pitisha maji safi kabla ya chakula na baada yake, kwa kipimo ulichopewa hospitali. Mpira usiosafishwa huziba.

4. Chakula kiende polepole. Ule mfuko ulikuwa ghala. Utumbo si ghala. Ukiharakisha, tumbo litamsokota na ataharisha.

5. Tumia chakula ulichoagizwa tu. Uji mzito huziba mpira.

Huenda mgonjwa akakuomba kijiko kimoja tu cha uji kinywani. Utamwonea huruma, naye ni mzazi wako au mwenzi wako. Usimpe mpaka daktari aruhusu, kwani mshono ukiachia anaweza kufa. Msafishe kinywa kila siku, ukae naye, umweleze sababu.

Je, mpira ukichomoka tumboni? Usiurudishe mwenyewe. Funika tundu kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali saa ile ile, kwa maana tundu huweza kuziba baada ya saa chache. Mpeleke pia akipata homa, akitapika, au tundu likitoa usaha.

Maswali ya kujibu darasani: Kwa nini chakula kiende polepole? Mpira ukichomoka utafanya nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.