Peptidi za Kinga na Mzigo wa Istilahi

Mtoto wa Kabeza, jijini Kigali, anapochubuka goti, ulinzi wa mwili huanza kabla ya dawa yoyote. Seli za ngozi na seli nyeupe za damu hutoa peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino. Nyingi zina chaji chanya. Hivyo hunata kwenye utando wa bakteria, wenye chaji hasi, na kuutoboa. Hii ni sehemu ya kinga ya asili, isiyosubiri chanjo.

Mwaka 1987, Michael Zasloff alieleza peptidi mbili za ngozi ya chura wa Afrika, Xenopus laevis. Aliziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, nacho kinahitaji istilahi zinazofafanua. “Antibiotiki za mwili” inapotosha, kwani peptidi hizi pia huziita seli nyingine za kinga. Zikipungua, kama katika pumu ya ngozi, bakteria hustawi. Zikizidi, kama katika soriasisi, huchochea uvimbe. “Peptidi za kinga” inabeba kazi zote mbili.