Binti Aliyekua Machoni pa Wazazi Wasione

Wazazi wengi humwita binti yao mtoto hata siku ile kimo chake kinapowapita. Hilo ndilo kiini cha riwaya fupi ya Kiingereza iitwayo "Cousin Phillis", ambayo Elizabeth Gaskell aliichapisha kwa sehemu nne katika gazeti la Cornhill, kati ya Novemba 1863 na Februari 1864.

Phillis Holman huishi na wazazi wake katika shamba moja la Uingereza. Baba yake huhubiri siku ya Jumapili, na siku nyingine hulima pamoja na vibarua wake. Humfundisha bintiye Kilatini na Kiyunani kama ambavyo angemfundisha mtoto wa kiume. Hata hivyo, msichana huyo mrefu, mwenye akili pevu, angali akivaa kitambaa cha kitoto juu ya gauni lake.

Reli yaja karibu na shamba. Paul, kijana wa ukoo wao na karani wa reli, amleta mkubwa wake wa kazi, mhandisi Holdsworth, ili apate nguvu baada ya homa. Mgeni huyo amepata kukaa Italia, naye amsaidia Phillis kusoma Kitaliano. Baba afurahia mazungumzo yake. Wala hatambui kwamba moyo wa bintiye umekwisha kutekwa.

Ghafula Holdsworth aitwa Kanada kujenga reli. Kwa Phillis hasemi neno. Kwa Paul peke yake aungama kuwa anampenda, na kwamba anatumaini kurudi kumposa. Baadaye Paul, akimwona binti akidhoofika kwa huzuni, amwonea huruma na kumfunulia siri ile. Phillis achanua kama shamba lililopata mvua. Kisha barua yafika: Holdsworth aoa huko huko Kanada.

Ni nani mwenye kosa? Mhandisi hakuvunja ahadi, kwani hakuitoa. Paul alikusudia mema, lakini ulimi hauna mfupa. Baba, kwa uchungu, amwuliza bintiye kama mapenzi ya nyumbani hayakumtosha. Hapo Phillis aanguka, naye augua karibu ya kufa.

Anayemwinua mwishoni si mtaalamu wa vitabu, bali Betty, mtumishi wa nyumba. Amwambia waziwazi kwamba wengine wametenda yote wawezayo. Sehemu iliyobaki ni yake mwenyewe. Phillis aomba kwenda kwa muda kwa wazazi wa Paul, ndipo arudi nyumbani.

Katika jamaa ambazo vijana hutumwa mbali kikazi, kisa hiki chastahili kusomwa na wote. Aendaye na aseme neno lake mwenyewe, au anyamaze. Abakiye asichukue ahadi ya mwingine kinywani mwake. Nao wazazi wamtazame binti yao upya, kabla mgeni hajawatangulia kumwona.