Je, Wajua? Chumvi ya Bahi na Vidonda vya Mdomoni

Kando ya kinamasi cha Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma, Wagogo wamepika chumvi tangu zamani: huchuja udongo wa chumvi kwa maji, kisha maji hayo huchemshwa hadi yakauke. Kinywa kikiota vidonda, maji ya chumvi ndiyo dawa ya kwanza nyumbani, na sayansi inaiunga mkono. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, Thailand, waliosha seli za ufizi maabarani kwa maji yenye chumvi ya asilimia 1.8 kwa dakika 2. Seli zikaziba jeraha haraka zaidi. Kipimo hicho ni kama nusu kijiko cha chai katika glasi ndogo ya maji ya uvuguvugu. Kuzidisha kunachoma bure!

Asali nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa Saudi Arabia, matokeo yakachapishwa 2014: ilipunguza maumivu na ukubwa wa vidonda. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe asali kamwe, kwani huweza kubeba bakteria wa botulizimu, na sumu yake huweza kuua. Kidonda kikipita wiki 3 bila kupona, nenda kituo cha afya.